Mkono wa Mwosha

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Katika Mambrui ya miaka ya themanini, mwanamke wa mtaa wetu akifariki, mwili wake ulipita mikononi mwa mama kabla ya kuvikwa sanda, na sikumbuki hata siku moja ambayo aliitwa akasema ana shughuli nyingine. Kazi ile haina ujira wala haisifiwi hadharani. Mwosha huingia nyuma ya pazia, huona atakachokiona, kisha hutoka akiwa amefunga kinywa. Kovu, kilema, alama yoyote ambayo marehemu aliificha maisha yake yote, huteremka naye kaburini kwa sababu mwosha ameamua kutoiona. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mdadisi, lakini mama akirudi kutoka kuosha hakuthubutu kumwuliza neno.

Shoga yake mama aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walicheza pamoja utotoni, wakaolewa mwaka mmoja, na wangali vijana walikula yamini kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, asiguswe na mkono mwingine. Hayakuwa maneno ya mzaha. Shoga yake mama alikuwa na kitu mwilini mwake ambacho mama alikijua na binti zake mwenyewe hawakukijua. Kitu gani, mimi sijui hadi leo, wala sikuuliza. Nilijua tu kwamba kipo, kwa namna wale wawili walivyonyamaza kila walipotaja yamini yao.

Kisha mkono wa kulia wa mama ukafa.

Alikuwa ameinama uani kuinua ndoo. Mke wangu alisikia ndoo ikianguka, akatoka, akamkuta ameketi majini, mdomo umekwenda upande, akiutazama mkono wake kana kwamba umeachwa pale na mgeni. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki mbili, na maneno yakarudi nao, makali kama zamani. Mguu ukarudi kiasi cha kumfikisha chooni kwa kuburura. Mkono haukurudi.

Majirani walikuja na mafuta ya ufuta na ushauri. Mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine alisema mtu wa kiharusi asichomwe sindano kamwe. Mimi, mwalimu wa dini mwenye kabati zima la vitabu, niliwasikiliza kwa dharau, kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yao wote. Nilimhudumia.

Nilimlisha kwa mkono wangu. Kwetu chakula huliwa kwa mkono wa kulia, na mama hakukubali kuinua tonge kwa wa kushoto, hata nilipomweleza kwamba mgonjwa anaruhusiwa. Hivyo mimi nikawa mkono wake wa kulia. Nilimnywesha chai. Mke wangu alimchana nywele, dada yangu alimwogesha na kumfunga mtandio. Tulipotaka kumketisha, nilimshika mkono ule uliolegea, nikamvuta. Kila asubuhi niliuinua kutoka pajani mwake, nikaubusu kama nilivyoubusu tangu utoto, nikaurudisha pale pale kama mtu anayerudisha kitabu rafuni. Watu walinitaja msikitini kuwa mfano wa mtoto aliyepata radhi. Sikuwakanusha.

Mwezi wa pili wa ugonjwa wake, daktari mjini Malindi alituandikia karatasi tukamwone mwanamke wa tiba ya kazi, aliyekuwa akija kutoka Kilifi kila Jumatano. Nilidhani ni tiba ya watu walioumia kazini. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, zamani stoo ya magodoro. Mlikuwa na meza, beseni la maharagwe, vibao vya rangi na kamba yenye vibanio vya nguo. Mwenyewe alikuwa mtu wa bara, umri kama wangu, msalaba mdogo shingoni. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi kwenye kigoda chini yake, akalipapasa bega la kulia kwa vidole viwili.

"Nani huvuta hii mkono?" aliuliza bila kunitazama.

"Mkono huu," nikasema.

"Ndiyo. Nani huivuta?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Bega la mama lilikuwa limeshuka kutoka mahali pake kwa sababu yangu, nami nilikuwa nikisahihisha lugha ya watu.

"Mimi," nilisema.

"Usiivute tena. Ukitaka aketi, mshike kiunoni. Na nani humlisha?"

"Mimi."

"Kumvalisha?"

"Binti yake na mkaza mwana wake. Sisi hatuwatupi wazee wetu."

"Sijasema mmemtupa. Nasema hii mkono haipewi kazi, sasa inajifunza kukaa bure."

Alitandaza kitambaa kibichi mezani, akakilaza kiganja cha kulia cha mama juu yake, akaweka cha kushoto juu ya cha kulia, akamwambia asukume mbele na kurudi, kama anayefuta meza. Baadaye akamwambia achote maharagwe. Mama alichota. Ngumi ikafunga, na ilipofunga ikakataa kufunguka. Vidole vikawa vyeupe kwenye vifundo. Nilinyoosha mkono ili nivifungue, yule mwanamke akanizuia.

"Kushika imekuja," alisema. "Kushika huja mbele. Kuachilia ndio ngumu. Usiifungue kwa nguvu, mama. Anza na kidole gumba. Sisi tunangoja."

Tulingoja. Nje karani aliita majina ya wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, majina mengi. Hatimaye haragwe moja likaanguka, halafu matatu. Mama akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilimwona mama yangu, aliyeosha wake wa mashekhe, akifundishwa kufuta meza kama mtumishi, na mwanamke mdogo kwake, tena wa dini nyingine, ndani ya stoo.

Tulikwenda Jumatano tatu. Ya nne nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Ya tano nilisema mvua inanyesha, na kweli ilinyesha. Baada ya hapo sikuhitaji tena kutoa sababu, kwa maana hakuna aliyeniuliza. Mama alinyamaza, nami nilifurahi kuufasiri ukimya wake kuwa ridhaa. Wiki sita zikapita hivyo, tonge kwa tonge.

Wiki ya saba ilikuja habari kwamba miguu ya shoga yake imevimba hadi magotini, na kwamba daktari amesema moyo wake umechoka, arudishwe nyumbani apumzike. Kila mtu alielewa maana ya kupumzika huko. Asubuhi iliyofuata nilipoinama kuubusu mkono wa mama, alisema:

"Uache hapo ulipo."

Nikauacha.

"Shoga yangu anakwenda. Nani atamwosha?"

Nilimjibu kwa mpangilio wa kitabu. Nilisema mwenye udhuru ameondolewa wajibu. Nilisema wako waosha wengine, na mmoja mwenye sifa njema yuko mtaa wa pili. Nilisema yamini iliyomshinda mtu ina kafara yake, nikaitaja kafara yenyewe.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Basi la Malindi linaondoka saa ngapi?"

Yule mwanamke wa Kilifi hakutulaumu. Aliutazama mkono uliokuwa sasa umejikunja kifuani kama mguu wa kuku, akasema, "Wiki sita," basi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu, mimi wala daktari, aliyewahi kuliuliza.

"Mama, hii mkono ulikuwa unafanyia kazi gani?"

"Ninaosha maiti," mama akasema. Hakusema alikuwa akiosha.

Mwanamke aliyasukuma maharagwe kando. "Nionyeshe."

Mama alionyesha kwa mkono wa kushoto kile ambacho wa kulia ulikuwa ukikifanya. Kuinua kata ya maji, kumimina kuanzia upande wa kulia. Kulowesha kitambaa na kukikamua. Kuliminya tumbo la marehemu kwa kiganja, pole pole, bila kumwumiza, kwani kwa mwosha, maiti huumia. Kumfungua vidole vilivyokakamaa na kusafisha kati yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kuona mambo hayo, na niliona haya kuyatazama. Yule mwanamke aliyaandika yote katika daftari.

"Basi tuache vibao," alisema. "Mkono inakumbuka kazi yake. Nyumbani chukua mto mrefu, ulaze kitandani, uoshe kila siku na ile kata yenyewe. Kata, kitambaa, kugeuza. Yote."

Nilisimama. "Haiwezekani."

Nilimweleza, na katika hili sikuwa nikitafuta kisingizio. Kwetu huo ni uchuro. Kuosha maiti asiyekuwepo ni kuyaita mauti kwa jina, na huku jirani yu kitandani, mtaa mzima ungesema mama yangu anaosha mto ili amharakishe mwenziwe. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikujua. Mnisamehe," alisema. "Lakini itachelewa kwa maharagwe peke yake. Huyo rafiki yako, mama, ana muda gani?"

Njia nzima ya kurudi, hata tulipovuka daraja la Sabaki, mama aliukanda mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Tulirudia meza na maharagwe nyumbani. Sasa nilishika amri ya kutomsaidia, na nakiri kwamba sijapata kushika amri nzito zaidi. Siku ya kwanza aliyokula kwa mkono wake, wali ulimwagika kifuani, mchuzi ukateremka hadi kiwikoni, na chakula kilichoanza baada ya adhuhuri kilikuwa kinakaribia alasiri kabla hajafikisha matonge matano. Niliketi nimeikalia mikono yangu. Dada yangu alilia. "Unamtesa mama," aliniambia. "Ukisoma sana ndivyo unavyokuwa?" Msikitini hawakunitaja tena. Mama alikonda. Mkono ulishika, ila ukilowa ulishika na kufunga kabisa, na mwosha hufanya kazi yote majini.

Sijui ni nani aliyepeleka maneno ya mto nyumba ya tatu; namshuku mke wangu. Shoga yake alituma tuje. Nilimwongoza mama nikiwa nimemshika kiunoni. Tulimkuta mgonjwa ameegemezwa mito, miguu minene imefunikwa kanga, pumzi fupi, macho yake makorofi yale yale.

"Nasikia unatafuta mto wa kuosha," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mto, shoga! Mimi nipo hapa, binti zangu wananiogesha na nguo mwilini kwa kuwa sitaki wanione, nanuka kama dagaa, nawe unatafuta mto. Nioshe mimi."

"Mkono wangu mbovu."

"Na moyo wangu mbovu. Tuone upi utatangulia kupona."

Niliingilia kati. Nilisema, kwa heshima zote, kwamba watu watasema ni uchuro. Mgonjwa aliugeuza uso wake kwangu taratibu.

"Mwalimu. Kumwogesha mgonjwa ni uchuro katika kitabu kipi?"

Sikuwa na kitabu.

"Basi toka, ufunge mlango," alisema. "Na usisikilize."

Nilisikiliza. Tangu siku ile, kila saa nne asubuhi wakati wa likizo, na kila alasiri shule zilipofunguliwa, nilimfikisha mama mlangoni, nikaketi barazani na kitabu ambacho sikukisoma. Waligombana huko ndani kama wasichana.

"Wanikwangua kama changu!"

"Tulia. Una magamba."

"Maji ya baridi hayo, muuaji wee!"

"Ungekuwa umekufa usingesikia baridi."

"Ndiyo, niharakishe utimize tamaa yako."

Halafu kilifuata kimya, nami nikajua kata imeganda mkononi mwa mama, haiachiki. Kimya hicho ndicho kilichoninyima raha. Nyuma yake nilisikia pumzi za mgonjwa, fupi, zenye mluzi, kila wiki fupi zaidi, na sauti yake ikisema, "Anza na gumba. Mimi sina pa kwenda." Kata ilipodondoka ndooni wote wawili walicheka, na kicheko cha mmoja kiliishia kwenye kikohozi.

Jumatano mwanamke wa Kilifi aliupima mkono. Bega limerudi. Kuinua kata, ndiyo. Kukamua kitambaa, nusu. Kuachilia ukiwa umelowa, bado. "Tungepata mwezi mmoja," alisema, akanitazama, na hakuongeza kwamba mwezi mmoja na nusu niliutupa mimi. Sijasahau kwamba hakuongeza.

Hatukuupata mwezi. Shoga yake mama alifariki Alhamisi, jua likiwa limepanda kidogo tu.

Mambo yalikwenda kwa haraka, kama ilivyo kwetu. Ufuo ulichimbwa katika chumba cha ndani ili maji ya kuoshea yapite, majani ya mkunazi yakachemshwa, pazia likafungwa. Maziko yalipangwa kabla ya adhuhuri. Mama aliletwa akiwa amevaa kanga kuukuu ya kazi na kata yake mwenyewe. Nyuma yake aliingia mwosha wa mtaa wa pili, mwenye mikono yote miwili, ambaye hakuitwa na mama.

Mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu alinivuta kando. Alikuwa na macho mekundu, nami sikumlaumu.

"Mwalimu, mama yako ni mama yangu, wajua. Lakini ataweza? Mwili ukimteleza mbele ya watu tutaificha wapi aibu hii?"

"Waliahidiana."

"Naijua ahadi. Najua pia sheria ya mwenye udhuru, maana wewe ndiwe uliyenifundisha. Sema neno moja tu. Mbele za watu hawezi kukupinga."

Alisema kweli. Lau ningetoa hukumu, mama angekaa chini kimya, na hukumu ingekuwa sahihi kwa kila kitabu katika kabati langu. Na kama ningenyamaza, halafu kichwa cha marehemu kikaangukia ubao, au kitu kile alichokificha miaka yote kikafunuliwa kwa sababu ya mkono usiotii, dhambi isingekuwa ya mama. Nilitazama pazia. Mama alikuwa amesimama mbele yake, mgongo umetugeukia, akingoja. Alikuwa akisikia.

"Ataosha yeye," nilisema. "Huyu bibi wa mtaa wa pili amsaidie kugeuza, kwa juu ya shuka, na atazame ukuta."

Waliingia. Sisi wanaume tuliketi chumba cha nje. Nilisikia maji yakimiminwa, yakipita ufuoni; yakakoma; yakamiminwa tena. Nilihesabu, kwa kuwa maiti huoshwa mara za witiri, tatu au tano. Josho la kwanza lilikwisha. La pili lilikwisha taratibu mno, na mtu mmoja barazani akasema jua linapanda. Nikasubiri la tatu, lile la mwisho lenye kafuri.

Halikuja.

"Nikufungue?" ilikuwa sauti ya bibi wa mtaa wa pili.

"Usiniguse," mama akasema. "Tazama ukuta."

Mtoto wa marehemu aliinuka. Nilimshika kanzu.

"Kata imemkwama, mwalimu!"

"Kaa."

"Mama yangu amelala wazi—"

"Amefunikwa. Kaa, ungoje."

Alikaa, na mimi sikuiachia kanzu yake. Tone moja moja lilianguka ufuoni. Sijui ni muda gani uliopita. Ulitosha kwangu kuona kwamba kama kuna aibu siku ile, nimeinunua kwa wiki sita za matonge. Hakuna dua iliyonijia isipokuwa maneno ya mwanamke mwenye msalaba shingoni, nikayasema kimoyomoyo bila kuona haya: anza na kidole gumba.

Kata ilidondoka ndooni. Baada ya kitambo maji yakaanza tena, na harufu ya kafuri ikapenya pazia.

Walipokwisha kumvika sanda, bibi wa mtaa wa pili alitoka kwanza. Wanawake walimzunguka kwa macho yenye maswali. "Sikuona kitu," alisema, "nilikuwa natazama ukuta." Wanaume wakaingia, wakalitoa jeneza. Mama alitoka mwisho. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa mbele yake, umeishika kata, ngumi imefunga tena, vifundo vyeupe.

"Pokea," aliniambia.

Nje jeneza lilikuwa limeinuliwa mabegani, na sauti ziliniita nishike nafasi yangu. Nilivitandaza viganja vyangu viwili chini ya mkono wake, sikuuvuta, nikangoja. Waliniita tena. Kidole gumba ndicho kilichoanza.